Jua Liwe Mgongoni

Wageni walikuwa mume na mke wastaafu kutoka ng'ambo, na walichokitaka kilimshangaza kila aliyesimuliwa. Hawakutaka barabara kuu. Hawakutaka kukimbizwa huku na huku kupigwa picha. Walitaka gari, dereva mwenye subira, na njia za vumbi za zamani ambazo watu walizisahau tangu barabara mpya ilipopita kwingine. Wasimame watakapo, walale mapema, waione nchi ya watu kwa raha zao. Kazi hiyo ikamwangukia mtu aliyeitwa Lami.

Jina hilo alilipata enzi za mabasi ya masafa marefu, alipokuwa akiila barabara kama mtu anayefukuzwa. Jina lake la kwenye cheti hata mkewe hulitumia hospitalini tu. Sasa alikuwa na gari lake mwenyewe la viti saba, zee lakini lenye afya, na alikuwa na ugonjwa ambao gari halikuwa nao: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa karibu aliona. Kwa mbali aliona ukungu wenye vitu ndani yake. Jua likimpiga usoni hakuona chochote.

Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kila safari alipanda mbele, akijidai anamsindikiza, akawa anamsomea barabara. "Shimo kulia. Ng'ombe mbele, bado hawajaamua. Mtu na baiskeli." Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha. Lami aliifuata sauti hiyo, na mpaka hapo walikuwa hawajagusa hata kuku.

Malipo ya safari ya wageni yangetosha upasuaji wa macho. Ndiyo maana waliikubali kazi. Ili apate macho, ilimbidi kwanza aendeshe kama mwenye macho. Mtu aliyeshiba akilisikia hilo atacheka, lakini nyumba nyingi zimesimama juu ya hesabu ya namna hiyo, na watu wanalala ndani yake.

Wakala wa utalii alikuja nyumbani kwao mwenyewe kuupitia mpango. Alikuwa mwanamke mwenye haraka na viatu visafi, na mke wa Lami alimfutia kiti mara mbili kabla hajakaa. Ramani ilitandazwa juu ya meza, glasi ya maji ikaizuia isijikunje.

"Mzee Lami, mimi nimefanya kazi na madereva wengi," alisema wakala. "Wote hunipa mipango ya kukimbia, kana kwamba wageni wanadaiwa. Wewe umefikiri kama mgeni. Tazama hapa: kwenda, mnasafiri asubuhi tu. Kurudi, mnaondoka baada ya chakula cha mchana. Hebu niambie kwa nini."

"Jua, madamu," akasema Lami, na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. "Yaani, jua liwe mgongoni. Mgeni akipigwa na jua usoni, hafaidi anachokitazama."

"Mnaona!" Wakala aliigonga meza kwa furaha. "Hakuna kuendesha jioni. Mwendo wa baiskeli. Kila kilima mnasimama. Hiki ndicho wanachokitafuta wale, utulivu! Watu wanasomea vitu hivi, mzee wangu, na bado hawavijui."

Lami aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kuvishwa kilemba cha ukoka ni jambo moja. Kuvishwa kilemba halisi ambacho unajua si chako kunakaba shingo zaidi.

"Ila hapa," wakala akaweka ukucha juu ya ramani. "Kuna ile njia ya mikaratusi, matawi yamekutana juu kama dari. Wageni wameiona kwenye picha na wameiulizia. Mbona mmeizunguka?"

Sababu ilikuwa kwamba ukitoka juani ukaingia kivulini ghafla, macho ya Lami yalizimika kabisa, na yalichukua muda kuwaka tena.

"Ina nyuki," mkewe akadakia.

"Nyuki?"

"Wakali mno."

"Sikuwa na habari," akasema wakala, akaandika *nyuki*. "Na mama, wewe unakwenda kama mpishi. Vizuri. Utakaa nyuma na mizigo. Hawa wageni wangu hupenda kukaa mbele kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine mchana."

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Walikuwa wameipima kila kona ya njia, kila mwelekeo wa jua, na kiti kikawapita.

"Mke wangu hawezi kukaa nyuma," Lami akasema. "Hutapika."

Mkewe alimgeukia taratibu. Huyu ni mwanamke aliyebeba mimba tatu ndani ya mabasi ya mumewe bila hata kuomba ndimu.

"Hutapika?" Wakala aliusogeza mkoba wake kidogo upande wa pili. "Sana?"

"Sana, madamu. Akikaa nyuma hamalizi hata mtaa."

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," akasema mkewe, macho yakiwa kwenye ramani. "Tangu utotoni."

"Basi labda nitafute mpishi mwingine, kwa usalama wa—"

"Bila yeye siendi," akasema Lami.

Alilisema kwa ukali ambao hakuukusudia. Wakala alimtazama yeye, akamtazama mkewe, kisha akacheka na kufunga kalamu. "Mapenzi ya uzeeni haya! Haya, wageni watakaa nyuma, nitawaeleza. Lakini kabla hawajafika, mzunguke siku moja mjaribu njia. Mkifika pale juu ya bonde, mtandao upo, mnipigie mnieleze panavyoonekana ili niwaandikie."

Alipoondoka, mke wa Lami alikusanya glasi kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo natapika."

"Ningesema nini?"

"Kesho utamwambia nina kifafa."

"Ni safari moja tu, mke wangu. Moja. Tukirudi naenda moja kwa moja kwa daktari."

"Na nyuki je? Nao tunakwenda kuwafuga lini?"

Lami alicheka, naye mkewe akacheka akiwa bado ana hasira, na kwa kicheko hicho wakawa wamekubaliana tena.

Siku ya kujaribu njia walimchukua mama yake Lami awe mgeni. Lami alisema gari lisilo na mtu nyuma humdanganya dereva. Kizee huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, hakujua lolote kuhusu macho. Mpaka wiki hiyo alikuwa akiwatambia majirani kwamba mwanawe anaweza kuendesha usiku bila taa. Alipanda akiwa na kofia pana ya mjukuu wake na miwani ya jua iliyomfunika nusu ya uso.

"Dereva!" akaita hawajatoka hata mjini. "Simama. Nataka kuwaona wale mbuzi."

"Mama, wale ni mbuzi wa kawaida."

"Mimi natoka ng'ambo. Sijawahi kuona mbuzi. Simama."

Lami akasimama. Bibi akawatazama mbuzi kwa heshima zote, akapunga mkono, akaamuru waendelee. Mbele kidogo akaamuru wasimame kwa ajili ya bata, kisha kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akifagia, ambaye alisimama akauliza kama kuna msiba. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Asubuhi ilikuwa nzuri, jua liko mgongoni, na barabara ya vumbi ilipita kati ya mashamba bila ugomvi na mtu.

"Shimo kushoto," alisema mkewe Lami. "Jiwe. Daraja la mbao, shika katikati. Katikati. Hapo. Mtoto na punda, wanapisha."

"Mkwe, mbona unasema hivyo kila saa?" Bibi akauliza. "Shimo, jiwe, punda. Kwani mwanangu hana macho?"

Mkwe hakuondoa macho barabarani.

"Najizoeza, mama. Nitakuwa nawatajia wageni vitu vya njiani."

"Watu wapande ndege, wavuke bahari, waje kutajiwa mashimo?"

"Ndiyo utalii wa siku hizi, mama," akasema Lami, na Bibi akatikisa kofia yake kwa masikitiko juu ya dunia.

Njia ilianza kupanda. Walipanda polepole kwa gia ndogo, kona baada ya kona, mkewe akizitaja zote. Mwanamke huyo alikuwa amekaa mbele ya magari ya mumewe muda mrefu, na bado ungemuuliza nchi inafananaje asingeweza kukueleza. Alichokijua ni kipande cha udongo kilichokuwa mbele ya bampa. Macho yake hayakuwa yake. Alikuwa ameyaazimisha kwa mtu mwingine, na kitu ulichokiazimisha huwezi kukitumia. Hata mahali walipowapangia wageni wasimame na kutazama, alipapanga kwa kuulizia watu.

Wakatokeza juu. Ukingo wa kushoto ukaporomoka, na bonde lote likafunguka chini yao.

Hakukusudia kutazama. Alitazama tu. Alisahau kwamba ana kazi, akasahau barabara, akasahau mume. Kinywa chake kilikuwa wazi na hakikutoa neno, na Lami, ambaye kwake ukimya ulimaanisha njia ni nyeupe, akakanyaga mafuta kidogo.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha bati na chuma. Mkewe alipiga ukelele, Lami akakanyaga breki, gari likateleza na kutulia kwa mshazari.

Mwenye baiskeli alikuwa mtaroni, muuza maziwa wa makamo, kiwiko kinachuruzika damu. Gurudumu la nyuma la baiskeli lilikuwa limejikunja, na madumu yake mawili yalikuwa yamepasuka. Maziwa yalitambaa juu ya vumbi yakitafuta mteremko. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama tayari. Kabla Lami hajautoa mguu wa pili garini, muuza maziwa alikuwa ameshaanza kuomba radhi.

"Nisamehe, mzee. Nisamehe. Nilikaa katikati ya njia. Kosa langu."

Alikuwa amezoea. Maisha yake yote aliyekuwa ndani ya gari ndiye aliyekuwa na haki.

Hofu ikimzidi mwanamume wa namna ya Lami hutokea mdomoni ikiwa imevaa nguo za hasira. "Mnajimwaga tu barabarani! Ungekufa! Ungekufa hapa, wewe! Una watoto? Siku nyingine uwe unaangalia!"

"Ndiyo, mzee."

"Uwe unaangalia!"

"Nitaangalia, mzee. Samahani sana."

Mkewe aliyasikia hayo akiwa ameshika mlango. Yote aliyokwisha kuyameza, la nyuki, la kutapika, yalipita; hili lilikwama. Akashuka, akamfunga yule mtu kiwiko kwa kitambaa chake cha kichwa, akatoa pesa za chakula na mafuta ya kurudia, akampa. Mtu akazikataa kwa mikono miwili. Mkewe Lami akaziweka juu ya dumu lililopasuka. Kisha akarudi garini, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya Bibi.

"Njoo mbele," akasema Lami, ambaye alikuwa amerudi kwenye usukani.

"Hapa pananitosha."

"Mke wangu, hebu njoo mbele."

"Endesha, mzee. Si yeye ndiye hakuangalia? Wewe unaangalia. Twende."

"Kuna nini nyinyi?" Bibi akauliza.

Lami aliwasha gari. Mbele ya kioo kulikuwa na mwanga mweupe na ndani yake vivuli vinavyoweza kuwa miti, au watu, au si kitu. Alisubiri ile sauti. Haikuja. Aliweka gia, akaitoa. Mwisho akazima injini, na mikono ikabaki juu ya usukani.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Mama, sioni."

Bibi alivua miwani ya mjukuu wake. Bila miwani hiyo alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. "Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Na ukanipakia."

"Nikakupakia, mama."

"Na wale wageni wa watu?" Lami aliinamia usukani. "Mficha maradhi, mwanangu..." akaanza Bibi, lakini hakuumalizia msemo wenyewe, kwa kuwa kila mtu anajua unavyoishia na aliyekuwa nusura authibitishe alikuwa pale nje anagonga gurudumu kwa jiwe.

Lami alishuka. Alikwenda akiifuata ile sauti ya jiwe.

"Ndugu yangu," akasema, "hukukosea. Mimi sikukuona."

"Ni vumbi, mzee. Hata mimi sikusikia gari."

"Si vumbi. Ni macho. Yanaumwa. Mbali sioni."

Jiwe likanyamaza. Muuza maziwa akainuka, akalishika shati lake kwa vidole, akalivuta mbele.

"Shati hili ni la njano," akasema. "Mke wangu hunicheka, anasema naonekana toka wilaya nyingine. Hukuliona?"

"Sikuliona."

"Na ukanifokea."

"Nilikufokea."

"Na mimi nikakuomba radhi! Mara ngapi nimekuomba radhi?" Sauti yake ilipanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo alivyozidi kulivuta lile shati, kwani ni sasa tu alipokuwa anagongwa. "Mtu mzima! Umeniuliza kama nina watoto. Ninao! Wewe unao?"

"Ninao."

"Basi nipe ufunguo."

"Ndugu yangu—"

"Ufunguo, mzee. Huondoki hapa ukiendesha. Mbele huko shule inakaribia kutoa watoto."

Mtu aliyeendesha mabasi maisha yake yote alisimama katikati ya barabara, akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo. Muuza maziwa hakuutia mfukoni mwake. Alikwenda dirishani, akamkabidhi Bibi, kama mtu anayemkabidhi mtu mzima vitu vya mtoto. Halafu akazirudia zile pesa juu ya dumu, akazichukua, akaomba na za gurudumu, akapewa. Aliinua baiskeli yake begani akaenda zake bila kuaga, na wote watatu waliona alikuwa na haki.

Lami alipiga simu mwenyewe. Mkewe alitaka kumpigia, akakataa.

"Mzee Lami! Mmefika juu?" Sauti ya wakala ilikuwa changamfu. "Haya nielezeni, panaonekanaje?"

"Madamu, sitaweza kuwaendesha wageni." Akamweleza yote, ya macho na ya muuza maziwa, kwa sentensi fupi.

"Wale nyuki?" wakala akauliza.

"Hakuna nyuki."

"Na jua mgongoni?"

"Ni kwa ajili yangu mimi."

"Yaani ningekukabidhi roho za watu." Alivuta pumzi. "Nimewaandikia wageni kwamba wewe ni hazina. Nimeliandika neno hilo hilo. Sawa. Nitatafuta dereva mwingine. Mpango wenu nitautumia, kwa sababu wameshaupenda."

"Ule mpango ni wetu, dada," mkewe akasema karibu na simu. "Tumekaa nao wiki nzima. Hata kama si yeye anayeendesha, kazi ile..."

"Mama, aliyedanganywa hapa ni mimi," akasema wakala, na simu ikakatika.

Alikuwa na haki, na wakati huo huo alikuwa amewaibia. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana. Wageni watapumzika mchana, watachelewa kuamka wakati wa kurudi, watawasifia walioufikiria mwendo huo, na sifa zitakwenda kwa mtu mwingine.

Walimpigia dereva mwenzake wa zamani aje kuwachukua. Alisema atakuja, lakini yuko mbali. Wakaketi kwenye majani ukingoni, Bibi ameukumbatia ufunguo.

"Gari nitaliuza," akasema Lami. "Nitibiwe."

"Ukishaona utaendesha nini?" Bibi akauliza.

"Nitaona kwanza, mama."

Bibi alilifikiria hilo, hakulipinga. Upepo ulipita kwenye majani. Lami aling'oa jani, akalisokota, akalitupa.

"Pale uliponyamaza," akamwambia mkewe. "Ulikuwa unaona nini?"

Mkewe alikaza uso. Alikuwa amelingoja hilo tangu kishindo. "Sema tu kwamba ni mimi niliyemgonga. Sema, umalize."

"Silaumu. Tangu tuanze hujawahi kuninyamazia hata kona moja. Nataka kujua ni kitu gani hicho."

Mkewe alimtazama kuona kama anakejeli. Hakuwa anakejeli. Uso wake ulikuwa umeelekea bondeni, mahali ambapo kwake palikuwa na weupe mtupu, na alikuwa amekaa kama anavyokaa kwenye usukani, shingo mbele kidogo, anasikiliza. Hasira yote ya siku ile ikamtoka mwanamke huyu kwa mkupuo, akajikuta analia, na hakuficha. Akafuta uso kwa upindo wa nguo, akasafisha koo.

"Kushoto," akasema, kwa sauti ile ile ya barabarani, "chini kabisa, mto. Umejikunja, hauna haraka. Unapotea kwenye miti halafu unatokea tena."

"Mm."

"Kulia, mashamba. Ya kijani, halafu ya kijani kingine. Katikati kuna nyumba moja, bati lake linang'aa. Mtu anaanika shuka."

"Yuko peke yake?"

"Na mbwa," Bibi akaongeza. "Msimsahau mbwa."

"Na mbele?" akauliza Lami.

"Mbele ni milima. Mmoja nyuma ya mwingine, mpaka wa mwisho huwezi kujua kama ni mlima au ni wingu."

Lami alivipanga vyote hivyo kichwani, kila kimoja mahali pake.

"Wale wageni," akasema, "tuliwaandikia wasimame hapa kwa muda gani?"

"Mpaka watosheke."

"Basi usiharakishe," akasema Lami. "Anza tena kwenye mto."